Hodi Tatu kwa Shangazi Raya

Shangazi,

Nnakuandikia nikiwa na hasira. Nilingoja zipoe, hazikupoa, nikaona bora nikuandikie nazo hivyo hivyo kuliko kukaa kimya kana kwamba mambo ni mazuri.

Arobaini yako imeshapita. Halyna alikuja, Vera naye alikuja, na mimi nikawaketisha meza moja hapa kwangu Mabela, Maskati, kama ulivyoniusia. Sasa hawatokaa tena meza moja, si hapa wala kwao, mpaka kila mmoja aingie kaburini mwake. Nimekwambia mapema usije ukangoja habari njema mwishoni. Sinayo.

Chumba chako nimekifunga. Vitabu vyako vya Kislavi kaka Nassor kavipeleka mtaa wa Ghala, kwenye bohari lake la vipuri, anasema mchwa wameshaanza kwenye kabati. Nilikwenda kuvitazama. Kavipanga baina ya matairi na makopo ya oili, na harufu imeshaingia kwenye kurasa. Nililia mbele ya wafanyakazi wake, wallahi, sikuona haya. Nassor akaniambia, "Zuwena, vitabu havina roho, nyamaza." Unamjua kaka yangu, huruma anayo lakini hajui aitolee wapi. Jioni yake akaniletea halwa mlangoni, akaondoka zake.

Na toka umeondoka hakuna anayeniita Zoya nyumbani. Wewe ndiye uliyenipachika jina hilo safari yangu ya kwanza nawe Ulaya, kwa sababu wenyeji wetu "Zuwena" liliwashinda. Nilikuwa nalipenda. Siku hizi sijui kama nalipenda.

Kila safari, treni ikishatoka Prague tu, ulikuwa ukiwakusanya wasichana kwenye behewa na kuwahadithia ulivyofika nchi zile mara ya kwanza. Mimi nimeisikia mpaka naijua kwa moyo. Ulitoka Unguja msichana mbichi, ukapelekwa Kyiv kusoma fasihi, huku nyuma nchi ikageuka, watu wetu wakatawanyika, na wewe ukabaki huko kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Chumba cha bweni kilikuwa na vitanda vitatu: chako, cha Halyna wa Lviv, na cha Vera wa Voronezh, Urusi. Birika moja, sufuria moja. Hao wawili ndio waliokuvisha koti la kwanza maishani mwako. Halafu Omani ikafunguka, ikaita watu wa asili yake waliotawanyika, ukaja Maskati. Siku ya kwanza ofisini bwana mmoja akakuuliza, "Kirusi unajua, Kiswahili unajua, Kiarabu hujui. Wewe Muomani wa wapi?" Ulikuwa ukimuigiza yule bwana na kitambi chake mpaka behewa zima linaangua kicheko. Mimi niliyekaa ubavuni kwako nilikuwa nauona mkono wako unavyoukaba mkoba. Nimeisema habari hii kwa makusudi, ntairudia.

Wenzio wakistaafu huenda Umra, wakirudi wakapanda mitende. Wewe ulipoacha kazi ya kufasiri wizarani ulikusanya mabinti wa watu, ukawatia kwenye treni kila kiangazi, ukasema fasihi za Waslavi hazisomeki Maskati chini ya kiyoyozi. Ulisema fasihi hizo zinakaa mtaa mmoja, zinaazimana chumvi, zinagombana, zinaoana, kwa hivyo anayetaka kuzijua lazima apite nyumba kwa nyumba. Prague, Krakow, Lviv, Kyiv, mpaka Voronezh kwa Vera. Hoteli marufuku. Tulilala kwa watu, tukamenya viazi na mama wa nyumba, na jioni tukasoma mashairi yao tukiwa na maganda ya viazi bado kwenye kucha. Mama yangu akilalamika kwamba nimekwenda Ulaya nimerudi na mikono ya mpishi.

Na kabla ya yote ulitufundisha hodi, sisi tuliozaliwa tukazikuta kengele za umeme milangoni. Ukifika kwa mtu piga hodi, ungoje. Hukujibiwa, piga ya pili, ungoje. Ya tatu nayo kimya, geuka urudi ulikotoka, na moyoni usiweke kitu. "Na fasihi ya mtu ni hivyo hivyo," ukitwambia. "Usiingie mpaka usikie karibu." Wasichana wapya walikuwa wakiliandika neno hilo kabla treni haijakata mpaka wa kwanza.

Darka alilipenda neno hodi kuliko peremende zote tulizompelekea. Mjukuu wa Halyna, kalelewa na bibi yake pale Lviv, safari ya kwanza nilimkuta kidogo hivi, nywele za rangi ya ufuta. Mlango wa chumba chetu uko wazi, anatuona na tunamuona, lakini anasimama nje, anaziba macho kwa viganja, "Hodi!" Wewe kusudi humjibu. "Hodi!" Kimya. Ya tatu anaipiga na kilio ndani yake, hapo tena wewe, "Karibu mwanangu, karibu!" na yeye anakurukia shingoni. Hata alipokuwa msichana mrefu wa kunipita mimi, amevaa sare ya uuguzi, hodi yake ilikuwa ile ile, mara tatu, na wewe na mchezo wako ule ule wa kunyamaza. Mchezo huo sasa siwezi kumhadithia mtu.

Ngano ya dubu unaikumbuka? Ulituagiza kila mji tuombe tuhadithiwe ngano ile ile moja, ya bibi kizee aliyegongewa mlango na dubu siku ya theluji, tutazame inavyobadilisha koti ikivuka mpaka. Prague, dubu alikuwa mjinga na bibi anamcheza shere. Krakow, dubu akawa anasali kabla ya kula. Lviv, Halyna alipotuhadithia, dubu alikuwa bwana mkubwa: kaingia, kalala kitandani kwa bibi, bibi kalala chini, na asubuhi dubu anamuuliza bibi yeye ni nani na anafanya nini nyumba hii. Voronezh kwa Vera, dubu alikuwa jamaa tu, mtu wa nyumbani, anakula uji na watoto na wote wanampenda. Tulicheka sana. Tukaandika "kuingiliana kwa tamaduni", wewe ukatusifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini kule kwa Vera dubu ni wa nyumbani na kwa Halyna ni mnyang'anyi. Hata wewe hukuuliza, Shangazi, na wewe ndiye uliyekuwa na macho.

Mwisho wa kila safari, kusoma cha jirani. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yako kubwa. Wote meza moja, na mtu hasomi kitu chake, anasoma cha jirani yake kwa lugha ya jirani yake. Vera anasoma cha Halyna, Halyna anasoma cha Vera, na sisi tunakitia kwa Kiswahili, tunagombania maneno mpaka chai inapoa. Ilipoanza kuwa taabu kuvuka kwenda Voronezh, Vera akawa anatufuata Krakow, meza ikahamia huko. Ulisema mtu akishakisoma cha mwenzake kwa ulimi wake mwenyewe hawezi tena kumdhuru. Nilikuamini. Nilikuwa nikiwaambia watu maneno hayo harusini, mazikoni, kwa madaktari wa meno.

Vita vikaja, Urusi ikaivamia nchi ya Halyna, safari ikakatika. Darka alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa, na gari likapigwa likiwa njiani kwenda kuchukua watu, naye akafa humo humo. Habari ilipofika wewe ulikuwa umeshalala kitandani, huwezi kuinuka bila ya mimi kukushika. Nilikwambia kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha nyengine mdomo ulikataa. Uliupiga mto kofi. Ukasema nikupe simu. Vera alipokea, akalia na wewe mpaka simu ikaisha chaji. Halyna hakupokea. Ukapiga tena. Hakupokea. Ulipiga asubuhi, ulipiga adhuhuri, ulipiga kesho yake na keshokutwa. Nilikuwepo, Shangazi, nilikuwa nakushikia simu. Hodi tatu zilipita zamani sana.

Na ulipokuwa unaiaga dunia, sauti haitoki tena ila kwa kunong'ona, ukanishika kidole. Nilidhani utaniusia habari ya nyumba au ya sadaka. "Zoya, safari isife. Waketishe meza moja. Wakishasoma, yatakwisha." Nikakwambia inshallah. Mtu akiwa katika hali ile utamwambia nini?

Nassor hakutaka. "Arobaini ni bidaa, uzushi tu, Zuwena, na hao si hata Waislamu." Nikamwambia, Shangazi ndiye aliyetufundisha kwamba hata wao wana arobaini yao, wanachemsha ngano wakamkumbuka maiti wao, basi huo si ujirani? Akanung'unika weee. Kesho yake nikaona mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya nyumba.

Niliwaandikia wote wawili, na kila mmoja nikamwambia kwamba mwenzake pia nimemwita. Sikuficha. Vera akajibu hapo hapo. Halyna alichukua muda, halafu akajibu, "Ntakuja kwa Raya. Mengine sijui." Bibi wa umri ule, mwili kama mkoba mtupu, kapanda basi mpaka Poland, halafu ndege juu ya ndege. Nilimpigia simu kumkumbusha asije akachukua zile mbegu nyeusi za mmea wa kasumba anazotia kwenye ngano, hapa ni haramu, atatiwa ndani uwanja wa ndege. Akasema, "Hata mbegu?" Siku alipofika hakunibusu mara tatu kama zamani. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akaniacha.

Vera mwenyewe alisema yeye atafikia hoteli, mtaa wa Matrah, Halyna akae kwangu. Ana adabu, sitomsingizia.

Siku yenyewe jikoni kwangu ngano ilichemka majiko mawili. Mimi napika bokoboko letu la nyama, Halyna anapika ile yao ya asali na jozi, na badala ya mbegu zake nikampa habbasoda, mbegu nyeusi zetu. Akainusa, akatia. Akaomba kijiko. Nilimtazama mgongo wake nikajiambia, alhamdulillahi, ngano mbili nyumba moja, hivi ndivyo Shangazi alivyotaka. Nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Wanawake wakaja, hitima ikasomwa, watu wakala, wakakuombea, wakaondoka. Tukabaki watu wa safari: wasichana wako wachache wa zamani, na Thuraya, binti wa nyumba ya tatu, ambaye mwaka huu ingekuwa zamu yake ya kusafiri. Nikatandika meza. Halyna upande huu, Vera upande ule, kiti chako nikakikalia mimi. Vera amekonda, mtandio umemkaa vibaya. Alimpa Halyna mkono, Halyna akaitikia kwa kichwa, mkono hakuupokea lakini hakuondoka. Nikaona hapo tumeshavuka. Nikagonga bilauri kwa kijiko, nikasema kwa sauti yako, wallahi ilikuwa sauti yako, "Haya. Cha jirani."

Vera akasimama wa kwanza. Hakuchukua shairi kwenye kitabu. Kwa mapenzi, na mimi naapa ilikuwa kwa mapenzi, alichagua ule wimbo wa kubembelezea mtoto ambao Halyna alikuwa akimuimbia Darka, ule wa korongo anayeleta majani ya kutandikia kitanda. Sisi sote tuliujua, tuliujifunza sebuleni kwa Halyna na Darka mapajani kwetu. Vera akausema kwa lugha ya Halyna, taratibu, hakukosea hata neno. Lakini lafudhi ilikuwa ya kwake, nzito, ya Voronezh. Lafudhi ile ile Halyna anaisikia kila siku kwenye habari.

Hakufika mbali. Halyna aliweka kijiko chini, akasema kitu kwa lugha yake, na mimi sikukielewa. Mimi, Shangazi! Safari zote zile, vyeti vyote vile ukutani, nikaambulia nusu. Nadhani alisema, "Huo usiutie mdomoni mwako." Vera akauacha wimbo pale pale. Akasema kwa Kirusi, akimwita kwa jina la bwenini, "Halya, mimi sijaua mtu." Halyna akamjibu kwa Kirusi hicho hicho, bila ya kupandisha sauti, "Najua. Na walipoua hukusema neno." Akainuka akatoka uani.

Thuraya akaninong'oneza, "Ma Zuwena, tumekosa nini?" Ati ananiuliza mimi.

Nilimkuta Halyna kakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kiyoyozi kinamdondokea maji begani na yeye hajisogezi. Akaniambia kwamba atasema Kirusi na mimi kwa mara ya mwisho, kwa sababu lugha yake hatukujifunza. "Raya alinipenda," akasema, "na mimi nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Lakini miaka yote ile alikuja kwangu kwa kupitia mlango wa Vera. Kaishi nchi yangu, kala mkate wangu, kafundisha watoto wenu habari zangu, na lugha yangu hakuigusa. Mimi nilimjibu kwa ya Vera kwa sababu yeye ni mgeni, na mgeni humtii aibu. Halafu akazoea. Halafu mkazoea nyote."

Nilitaka kukutetea. Nilifungua mdomo kabisa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukitwambia ndani ya treni, "Ukijua Kirusi, cha Halyna utakielewa tu," na hapo hapo nikamkumbuka yule bwana wako wa ofisini na kitambi chake. Mtu angekwambia wewe kwamba ukijua Kiarabu basi Kiswahili cha nini, ungemvua kilemba mbele za watu! Wewe uliyekaa mji huu ukaambiwa lugha uliyonyonya nayo ni ya kutilia shaka asili yako. Wewe uliyetufundisha hodi. Mwenye kovu usidhani amepoa, na kovu lako ulituonyesha kila mwaka treni ikitoka Prague, la mwenzio uliyelala naye chumba kimoja hukulitazama. Ulifika kwake ukakuta mlango uko wazi ukadhani hiyo ndiyo karibu. Nna hasira na wewe, Shangazi, na huwezi kunijibu, na hilo ndilo linalonitia wazimu zaidi.

Maana sijui ningefanya nini mimi ningekuwa wewe. Walikupa Kirusi pale chuoni, hukuchagua. Vera alikuwa wa kwanza kukufunga skafu shingoni. Nayajua yote hayo. Nayajua na bado nakasirika.

Vera hakukaa. Nilimwitia teksi, tukaingoja nje ya geti, mtu mzima analia barabarani na mafundi wa nyumba inayojengwa ng'ambo wameacha kazi wanamtazama. Alinishika mkono, akasema, "Mwambie Raya nilisoma." Nimekwambia. Alisoma. Sitomhukumu, sina ubavu huo, lakini simpigii simu vilevile, na yeye hapigi.

Asubuhi Halyna akataka aletwe kaburini kwako. Nassor alitupeleka na gari yake. Njia nzima anataka kusema habari ya wanawake na makaburi, naona shingo yake inavyopanda na kushuka, na tulipofika akashuka yeye mwenyewe, akafungua geti, akatupa mgongo akawa anatazama barabara. Mola amlipe. Halyna akasimama pale mwanzo, mbele yake uwanja mtupu, mawe na mchanga, hakuna jina hata moja. Akaniuliza, "Yupi?" Nikamuonyesha wewe, upande wa ukuta, karibu na bomba la maji. Akasema kwao siku hizi makaburi yana majina na picha na bendera mpaka macho yanauma. Akasema, "Bora nyinyi."

Alikuwa amechukua ngano yake kidogo kwenye kibakuli. Hakuiweka popote, aliishika tu. Akasogea mpaka miguuni pako. Halafu akalisema neno pekee la Kiswahili alilonalo, alilolipata kwa mjukuu wake.

"Hodi."

Akangoja. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma na yeye hana hata mwavuli.

"Hodi."

Akangoja zaidi. Ya tatu aliipiga na kilio ndani yake, vilevile kama Darka, vilevile kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa nakodolea macho ule mchanga kama mwendawazimu. Niliona sasa hivi utamjibu. Niliona unatuchezea tu mchezo wako, na sasa hivi utasema karibu mwanangu, karibu. Alisimama na kibakuli chake mkononi. Kisha akageuka, akarudi garini kwa mwendo wake mdogo mdogo. Ulivyotufundisha.

Ngano alimpa Nassor. Akaila yote, pale pale amesimama, na machozi yanamtoka ndevuni.

Uwanja wa ndege nikamuuliza Halyna habari ya safari. Ilibidi nimuulize, wasia ni wasia. Aliweka mkoba wake chini. Akasema kwa lugha yake, pole pole ili nielewe, "Njoo. Kwanza peke yako. Ukifika mlangoni nibishie kwa lugha yangu. Nikinyamaza, rudi." Halafu akaniita Zuwena. Lilimpa taabu, alilitoa kipande kipande, lakini alilifikisha mwisho.

Basi ndiyo hivyo. Safari uliyoniachia imekufa, nisikudanganye na wewe uko ulipo. Meza ile siitandiki tena. Nimepata mwalimu, bibi mmoja wa kwao Halyna aliyekimbilia huku, tunasoma kwa kompyuta baada ya Ishaa, na Thuraya kang'ang'ania kukaa pembeni yangu. Tumefika kwenye mkate, maji, dirisha, samahani. Ile ngano ya dubu nimemwomba mwalimu atuhadithie. Alituhadithia, na safari hii hatukucheka.

Lala, Shangazi. Mola akupanulie kaburi lako, akufutie ulilolikosa bila ya kulijua. Nakupenda na hasira zangu, na nikipata wasaa ntakwenda Ghala nivitoe vitabu vyako kwenye oili, hata kama vitajaa nyumba nzima.

Na ahadi yangu ni hii. Theluji ikishayayuka ntakwenda Lviv kwa njia yake mwenyewe, bila ya kupita kwa mtu. Ntasimama mlangoni kwa Halyna nipige ya kwanza, nipige ya pili, nipige ya tatu, kwa lugha ya Darka. Akinijibu ntaingia, nikae nimenye viazi, na sitomuuliza kwa jirani wanasemaje. Asiponijibu ntarudi Maskati.

Ya nne sitopiga.

Zuwena